Samaki wanajikuna: ubadilishe maji, uweke chumvi, pamanganeti ama dawa ya kichocho?

Hili swali huulizwa sana Kisumu hasa msimu wa mvua. Ati samaki wangu wanajisugua kwa mawe, wanafunga mapezi, wengine wamekwama juu wanahema, niwape nini? Na majibu hayakosekani. Mmoja atasema chumvi, mwingine ile dawa ya zambarau, mwenye duka anakutolea chupa ya bluu, alafu kuna mtu atakuambia achana na madawa badilisha maji tu. Vile naona mimi, wote wanaeza kuwa sawa, ni vile kila mtu anajibu shida yenye aliiona kwa tangi lake na si lako.

Kwa hivo nimeweka njia nne zenye mtu wa kawaida anaeza kufanya nyumbani huku kwetu, kuanzia Kisumu mpaka Kakamega mpaka Nakuru, nikazipima kwa vitu vilevile. Kwanza, inatibu nini hasa. Pili, ukikosea kipimo ama ukikosea ugonjwa, samaki anakufa ama anavumilia? Tatu, inafanyia nini filta na mimea. Nne, unaipata wapi na ina kazi kiasi gani. Bei sijaweka, hizo hubadilika na zote nne si ghali ukilinganisha na kununua samaki wapya.

Vipimo vyote hapa ni vya tangi la lita 60. Kujua lako ni lita ngapi, pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha zote, ugawe kwa 1000, alafu toa kidogo juu ya mawe na mchanga. Usikadirie kwa macho, watu wengi hufikiria tangi lao ni kubwa kuliko vile liko.

Kabla ya dawa yoyote: ni wote ama ni wachache?

Hapa ndo nitakaa kidogo juu ndo inaamua kila kitu.

Kama samaki wote wameanza kujikuna siku moja, tena masaa machache baada ya kubadilisha maji, hiyo ni maji. Wadudu hawaezi shika tangi nzima kwa saa tatu. Kama alianza mmoja, kesho wawili, wiki ijayo nusu ya tangi, na hasa kama uliongeza samaki mpya hivi karibuni ama uliokota mimea ziwani, hao ni vimelea. Sheria hii haikosi kukosea mara moja moja, lakini itakuokoa zaidi ya chupa yoyote ya dukani.

Alafu angalia matamvua, yale mashavu mekundu. Samaki mzima yake ni mekundu safi. Yakiwa mekundu ya kuungua, yamevimba, shuku amonia (sumu ya mavi ya samaki na chakula kilichooza) ama klorini (ile ya kuua viini kwa maji ya mfereji). Yakiwa na rangi ya kahawia na samaki anahema kama amekimbia, shuku naitraiti (ile sumu amonia hugeuka ikivunjwa na bakteria za filta), juu naitraiti huharibu damu isibebe oksijeni na damu yenyewe inageuka kahawia. Yakiwa yamepauka, yana ute mwingi, na kifuniko cha upande mmoja kimefunguka kuliko kingine, hapo minyoo ya matamvua inaingia kwa orodha. Ngozi nayo: vidoa vyeupe kama chumvi iliyonyunyizwa ni Ichthyophthirius, ule ugonjwa wa madoa meupe wenye kila mfugaji atakutana nao. Ukungu wa kijivu wa ute bila vidoa mara nyingi ni wale wadudu wa chembe moja kama Trichodina, Costia na Chilodonella. Vumbi la rangi ya dhahabu ukimulika na tochi ni ugonjwa mwingine, unaitwa velvet, sijauweka hapa. Na kama unaona uzi unaning'inia kwa ngozi na kidonda chini yake, huyo ni mnyoo wa nanga, Lernaea, hizi njia nne hazimwezi, anatolewa na kibano na ushauri wa veti.

Kumbuka pia mbuna (wale samaki wadogo wa Ziwa Malawi) na fulu (wa Ziwa Victoria) huwa wanajisugua mara moja moja kama tabia tu, hasa dume akijionyesha. Mara moja kwa siku si ugonjwa.

Njia ya uhakika ni hadubini. Unakwangua ute kidogo sana kwa ngozi ukielekea mkia, unaweka kwa kioo na tone la maji ya tangi, unaangalia hapo hapo kabla vikauke. Kukuza mara 100 inatosha kwa wengi, Costia tu ndo mdogo anataka kama mara 400, hiyo hata ya shule ya sekondari inafanya, kwa hivo kama unajuana na mwalimu wa bayolojia huu ndo wakati wa kumsalimia. Kisumu pia kuna kituo cha KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, na ukiwa upande wa Nakuru kuna Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, wasomi wa samaki hawako mbali vile watu hufikiria.

Sasa, kama huna hadubini, fuata kanuni hii: kadiri unavyokuwa na shaka na ugonjwa, ndivyo dawa inafaa kuwa pole. Nimezipanga hivyo, kutoka pole hadi kali, isipokuwa ya mwisho yenye ni pole lakini inalenga mdudu mmoja tu.

Maji mapya peke yake

Inatibu: amonia, naitraiti, klorini, maji kuchafuka, na ile hali ya samaki kusumbuliwa na chakula kilichooza chini ya mawe. Na hizi ndo sababu za kujikuna zenye huwa nyingi kuliko wadudu, haswa kwa tangi jipya lenye filta haijakomaa, ama baada ya stima kupotea usiku mzima na filta ikalala bila maji kupita. Bakteria za filta, zile zinazokula amonia, zinahitaji oksijeni, zikikosa zinakufa, na kesho yake amonia inapanda.

Kuna kitu cha maji ya huku lazima ukijue. Sumu ya amonia inategemea pH, kile kipimo cha asidi ya maji, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi. Kwa nyuzi 25 hivi, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH ikiwa 8 inafika kama asilimia 5, na pH 9 inapita theluthi. Kwa hivo mtu wa Nakuru mwenye kisima cha maji ya magadi magadi, ya Bonde la Ufa, akiona amonia kidogo kwa kipimo ana shida kubwa kuliko mtu wa Kisumu anayetumia maji ya mvua na akaona namba ileile. Maji ya mvua nayo yana shida yake, hayana madini ya kushikilia pH, inaeza kushuka ghafla.

Hatari: ndogo, bora maji mapya yasiwe na klorini na joto lisitofautiane sana. Siku zingine maji ya mfereji yanakuja na klorini unaisikia kwa pua kabla hujafungua mfereji vizuri. Weka dawa ya kutoa klorini (tiosalfeti ya sodiamu), ama acha maji wazi kwa ndoo siku nzima na jiwe la hewa likipuliza. Badilisha asilimia 30 hadi 50, rudia kesho kama amonia bado iko.

Filta na mimea: inafurahi tu. Ila usioshe sponji ya filta na maji ya mfereji siku hiyohiyo, osha na maji uliyotoa kwa tangi.

Kupatikana: iko, kama mfereji unatoa. Kazi: ndoo na mgongo.

Inamfaa yule samaki wake wote walibadilika kwa pamoja, na yule hajui kabisa ni nini. Haimfai mwenye anaona vidoa vyeupe, hapo maji yatasaidia samaki kuvumilia lakini mdudu haendi popote.

Chumvi

Inatibu: vitu vingi kidogo kidogo. Samaki wa maji baridi (yaani yasiyo ya bahari) mwili wake una chumvi kuliko maji yaliyomzunguka, kwa hivo maji yanajaribu kuingia ndani yake saa zote, na ngozi au matamvua yakiumia yanaingia zaidi. Ukiongeza chumvi kwa maji unampunguzia hiyo kazi. Kwa naitraiti chumvi ni dawa kabisa, kloridi iliyo ndani ya chumvi inang'ang'ania mlango ule ule kwa matamvua na naitraiti inakosa pa kuingilia, hata gramu 1 kwa lita inatosha na kubaki. Kwa madoa meupe inaua wale wachanga wanaoogelea, na wadudu wa ute wanaichukia. Minyoo ya matamvua? Kipimo cha chini hakiiwezi vizuri.

Kipimo cha tangi: anza na gramu 1 kwa lita, yaani gramu 60, upande polepole kwa siku mbili hadi gramu 2 ama 3 kwa lita. Yeyusha kwanza kwa jagi, usimwage juu ya samaki. Chumvi haiendi na mvuke, kwa hivo maji yakipungua kwa joto unaongeza maji matupu, ukibadilisha maji ndo unarudisha chumvi ya yale maji tu.

Kuna pia dipu kali, gramu 30 kwa lita, kwa ndoo tofauti. Lita 10 gramu 300. Samaki anakaa mpaka dakika 10 ukiwa umesimama hapo, akianza kupinduka unamtoa hata kama ni dakika moja. Goldfish anavumilia vizuri, samaki wasio na magamba kama mumi na jamii zote za kambare wadogo wa tangi usiwape hii dipu, hata ile ya tangi uwapunguzie.

Hatari: ndogo hadi ya katikati. Filta inavumilia gramu 1 hadi 3. Mimea ndo inalia, mingine inayeyuka, konokono pia wengine hawapendi. Guppy na molly hata hawastuki.

Kupatikana: duka la mtaa wako, soko la Kibuye, popote. Chumvi ya mezani yenye ayodini ni sawa, ayodini yenyewe ni kidogo mno, hiyo hadithi ya kuogopa ayodini imezeeka. Chenye usiweke ni magadi, ama bala vile wengine tunaita, ile ya kuchemshia mboga na maharagwe. Hiyo inapandisha pH, na sasa rudi juu usome tena habari ya amonia na pH. Chumvi ya ng'ombe ya kulamba pia hapana, imetiwa madini mengine kama shaba.

Inamfaa mwenye ana goldfish, guppy au molly bila mimea mingi, na mwenye shaka kati ya maji mabaya na wadudu, maana inagusa pande zote mbili. Mwenye tangi la mimea ama kambare wengi atafute njia ingine.

Potasiamu pamanganeti

Hii ni zile chembe nyeusi za zambarau zinazofanya maji yawe ya waridi. Usichanganye na GV ya kupaka watoto mdomoni, hizo ni dawa mbili tofauti kabisa na rangi tu ndo inafanana.

Inatibu: karibu kila kitu kilicho nje ya samaki. Trichodina, Costia, Chilodonella, bakteria za juu ya ngozi, kuvu, na minyoo kiasi. Inafanya kazi kwa kuchoma, kusema ukweli. Inachoma mdudu, inachoma uchafu, na ukizidisha inachoma matamvua yenyewe.

Hatari: hapa ndo kuna maneno. Kipimo cha kukaa ni miligramu 2 kwa lita, na cha kuogesha ni miligramu 10 kwa lita kwa dakika 30. Mizani ya jikoni haiwezi kupima hiyo. Fanya hivi: pima gramu 1 na mizani ya sonara ama umwombe mtu wa kemisti, yeyusha kwa lita 1 ya maji, sasa kila mililita moja ina miligramu moja. Kwa tangi la lita 60 ni mililita 120. Kwa ndoo ya lita 20 ya kuogesha ni mililita 200. Mimi ningeogesha kwa ndoo kila wakati, tangi lina uchafu mwingi unaomaliza dawa kabla ifikie mdudu, unaona waridi imegeuka rangi ya chai baada ya nusu saa na watu wanafikiri imeshafanya kazi, kumbe imeisha ikipigana na mavi ya samaki chini ya mchanga.

Kwa maji ya pH ya juu inakuwa kali zaidi kwa matamvua, kwa hivo watu wa Nakuru na visima vyenu, polepole. Weka hewa ikipuliza, usiondoke, na uwe na vitamini C ya unga karibu, ukiitia kidogo rangi inapotea na dawa inakufa. Usirudie kabla wiki kuisha. Na usiwahi, usiwahi kuichanganya na fomalini.

Filta na mimea: ndani ya tangi inaumiza filta, mimea laini inaungua. Kwa ndoo haina shida.

Kupatikana: kemisti zingine na agroveti zingine. Kazi: nyingi, na vidole vyako vitakuwa na rangi ya kahawia siku kadhaa.

Inamfaa mtu aliyeona ute wa kijivu, ana mizani, ana subira, na ikiwezekana ameangalia kwa hadubini. Samaki mwenye matamvua tayari yameungua na amonia, usimwogeshe na hii. Ni kama kumsugua mtu aliyeungua na brashi ya viatu.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho

Watu wa kando ya ziwa wanaijua, ni ile tembe kubwa chungu yenye watoto wa shule hupewa. Kwa samaki inaua minyoo bapa: Dactylogyrus wa matamvua na Gyrodactylus wa ngozi. Ni hiyo tu. Madoa meupe haiyagusi, Trichodina haiijui, amonia ndo kabisa. Kwa hivo ukiwapa samaki wenye shida ya maji hawatakufa na dawa, watakufa na shida waliyokuwa nayo ukingoja dawa ifanye kazi.

Kipimo ni miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Tembe nyingi ni za miligramu 600, kwa hivo nusu tembe kwa lita 60 ni miligramu 5 kwa lita. Saga iwe unga laini, tikisa kwa chupa na maji ya uvuguvugu, mimina na hewa ikipuliza. Maji yatakuwa na ukungu juu ya vile vitu vingine vilivyo kwa tembe, usitishike, baada ya siku moja ama mbili badilisha maji. Gyrodactylus anazaa watoto hai, mara nyingi dozi moja inamaliza. Dactylogyrus anataga mayai na mayai hayasikii dawa, lazima urudie baada ya wiki hivi ili uwapate walioanguliwa.

Hatari ni ndogo, hata ukizidisha kidogo. Filta na mimea havisumbuki, na kwa hilo inashinda zote. Kambare pia wanaivumilia kuliko chumvi na pamanganeti. Kuipata ndo kazi, ni dawa ya watu na kemisti anaeza kukuitisha karatasi ya daktari, afadhali upitie kwa veti. Na tafadhali zile za watoto wa shule waachiwe watoto.

Inamfaa mwenye samaki wanajikuna kwa wiki kadhaa, maji yamepimwa yako safi, hakuna vidoa, na kifuniko kimoja cha matamvua kimesimama wazi. Pia aliyeleta fulu kutoka ufuo wa Dunga hadi nyumbani, hao wa ziwani ni nadra waje peke yao.

Na fomalini na chupa ya bluu?

Fomalini inafanya kazi, tena vizuri, kwa madoa meupe na minyoo pamoja. Lakini inakula oksijeni ya maji, mvuke wake ni mbaya kwa mapafu yako na inahusishwa na saratani, na ikikaa kwa baridi inatengeneza unga mweupe chini ambao ni sumu zaidi kwa samaki. Kwa sebule yenye watoto mimi hapana. Chupa za bluu za dukani, soma kilicho ndani kabla ya bei. Nyingi zina methilini bluu, na hiyo ni ya ndoo ya karantini, kwa tangi kuu inaua filta na kupaka gundi ya vioo rangi.

Sasa wewe uko wapi?

Wote walianza leo, masaa machache baada ya kubadilisha maji: ni klorini mpaka ithibitishwe vingine. Weka dawa ya klorini saa hii, ongeza hewa, usiongeze kitu ingine.

Tangi lina wiki tatu, matamvua ya kahawia: maji nusu, chumvi gramu 1 kwa lita, punguza chakula.

Vidoa vyeupe na huna mimea: chumvi, na uvumilivu. Mdudu akiwa ndani ya ngozi hakuna dawa inamfikia, unamngoja aanguke, agawanyike, watoto watoke. Kisumu kwa nyuzi 24 hadi 26 mzunguko ni siku 3 hadi 6, lakini nyumba ya Nakuru bila hita usiku ikishuka nyuzi 15 unaeza kuchukua wiki mbili, kwa hivo usiache dawa juu vidoa vimepotea. Endelea siku kadhaa mbele.

Vidoa vyeupe na tangi limejaa mimea: toa samaki uwatibu na chumvi kwa ndoo kubwa yenye hewa. Tangi likibaki bila samaki, wale wadudu wachanga wakikosa ngozi ya kushika kwa siku mbili hivi wanakufa, ila hesabu pia muda wa wale bado hawajatoka.

Ute wa kijivu, samaki wenye nguvu, una mizani: pamanganeti kwa ndoo. Huna mizani: dipu ya chumvi. Ni kambare: anza na maji, alafu umwone mwenye hadubini.

Wanajikuna polepole wiki nyingi, kila kipimo cha maji ni safi: prazikwanteli, na urudie.

Unataka kutumia mbili pamoja: maji na chumvi zinaenda pamoja, zingine acha siku kadhaa na ubadilishe maji katikati. Toa kaboni (yale makaa meusi ya kuchuja) kwa filta kwanza, la sivyo itameza dawa yote.

Na kama ni tilapia wa kula wako kwa kidimbwi Siaya au Vihiga, ulinganisho huu si wako, pigia afisa wa uvuvi wa kaunti kabla ya kumwaga kitu, maana hiyo dawa mwisho itafika kwa sahani ya mtu.